Si Mikono Yangu

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda kwa wifi yangu kumrudishia pasi yake. Pasi ilikuwa kisingizio tu. Nilikwenda kuchungulia.

Niseme ukweli, kijicho kilikuwa kinanila. Mimi nimefuma mashali miaka kumi na moja, vidole vimeota sugu, na wateja wangu wa mtandaoni walikuwa wa kuhesabu. Yeye, mke wa kaka yangu, asiyejua hata kushika sindano ya kufumia, alianza juzi tu na mashali yake yanagombewa. Chini ya kila picha aliandika maneno yaleyale: "Imefumwa kwa mikono. Si mikono yangu." Watu walicheka, wakasema ana utani. Mimi sikucheka. Nilijua anaagiza kiwandani.

Basi nikanunua matatu kwa jina la bandia. Nikayageuzageuza kutafuta alama ya mashine. Sikuiona. Kila kifundo kilikuwa cha mkono, tena mkono unaonishinda mimi. Wivu ukanipanda kichwani. Nikayapiga picha kwenye kochi langu na kuandika: "Nimefuma mwenyewe, kwa mikono yangu."

Yaliisha kabla ya adhuhuri. Ndipo mteja mmoja asiye na picha akaniandikia: "Mikono yako kweli?"

Nikajibu: "Ni yangu hii hii."

Hiyo ilikuwa siku moja kabla ya kurudisha pasi.

Wifi alifungua mlango nusu.

"Karibu, wifi," alinong'ona. "Ongea polepole."

"Kwani kuna mgonjwa?"

"Kuna mtu yuko kazini."

Tik... tik... tik...

Sauti ilitoka chumba cha nyuma, pamoja na harufu ya sufu iliyolowa. Moyo wangu ulifurahi, sifichi. Kumbe ameajiri mfumaji na anamficha! Leo nimemkamata. Nikampita na kuusukuma mlango.

Kiti kilikuwa kitupu.

Juu yake shali lilikuwa linaning'inia hewani, na sindano mbili zilikuwa zinapanda na kushuka. Zenyewe. Tik... tik...

Zikasimama.

Zikaanguka sakafuni.

"Hajawahi kuacha katikati," wifi alisema.

"Ni nani huyo?"

"Bibi aliyepanga hapa kabla yetu. Jirani anasema wachuuzi walikuwa wakichukua kazi zake na kuziuza kama zao, mpaka akafa bila mtu kulijua jina lake. Tulipohamia nilimsikia. Au niliota, sijui... Aliniambia niuze, ila nisiseme kamwe ni mikono yangu. Hilo tu." Akanigeukia. "Wifi, umemwambia mtu nini?"

"Mimi? Sijasema kitu."

Hata pale nilidanganya.

Baridi ikaanza kwenye kucha, ikapanda hadi viwiko. Vidole vyangu vikakunjuka. Sikuvikunjua mimi. Mikono ikashuka kuelekea sakafuni, nami nikalazimika kuinama kuifuata.

Ikaokota sindano.

Sasa ni wiki ya tatu. Nimezifuta zile picha, nimeandika ukweli wote, nimewaomba radhi wateja mmoja mmoja. Haikusaidia. Kila jua likizama mikono inaanza, na haipumziki mpaka shali liishe. Binti yangu hataki tena nimsuke nywele, anasema ninamshika kama mtu mwingine. Mchana siwezi kufunga hata kifungo cha blauzi. Kazi yangu ya miaka kumi na moja imenitoka vidoleni, na kilichobaki humo sikijui.

Mashali ni mazuri mno. Nayatazama yakikua mapajani mwangu na roho inaniuma, maana sijawahi kufuma hivyo na sitafuma kamwe.

Chumba cha nyuma cha wifi kiko kimya. Wateja wake wamemkimbia. Kwa hiyo kila jioni anakuja kwangu, anavuta kigoda karibu, anaitazama mikono bila kupepesa macho. Haniulizi hali. Hagusi chai ninayomwekea. Macho yale nayajua, nilikuwa nayo mimi.

Jana aliuegemeza mkoba wake mguuni, na ndani yake kitu kizito cha chuma kikagonga sakafu.

"Wifi," alininong'oneza, "ukilala, huwa unalala fofofo?"