Jogoo Mgongoni mwa Brashi

Mama Matundu alivuta waya, na fungu la nyuzi likazama kwenye tundu la ishirini na tisa. Brashi moja ya sakafu ilikuwa na matundu sitini na manne. Aliyatoboa mwenyewe kwa keekee, bila rula, na yote yalikaa kwenye mstari kama askari wa gwaride. Ndiyo maana mtaa mzima ulikuwa umesahau jina alilopewa na wazazi wake.

Pembeni yake mumewe, Mzee Randa, alikuwa akilainisha ubao. Maranda yalimjaa kwenye ndevu. Wasaidizi wao, wanawake watatu, walikuwa wamekaa mkekani wakikata nyuzi. Mlangoni, juu ya jiko la mkaa, chuma cha chapa kilikuwa kikipata moto. Kila brashi iliyokamilika ilipigwa chapa ya jogoo mgongoni.

Lori lilisimama nje. Mama Matundu alilijua kwa mlio wake. Lilikuwa la shemeji yake, aliyeitwa Spika kwa sababu hakujua kunong'ona.

"Shemeji, mbona mapema? Umesahau kitu?"

"Sijasahau kitu. Mzigo umerudi."

Mzee Randa aliweka randa chini. "Umerudi vipi? Mnunuzi hakuja mpakani?"

"Alikuja, kaka. Nimemwacha pale amejishika kichwa. Ushuru umepanda. Brashi zetu sasa ni asilimia thelathini na tano!" Spika alikuwa anapiga kelele, na milango ya jirani ilianza kufunguka. "Na bado sijamaliza. Nyuma yangu lilisimama lori la watu wa Jogoo. Brashi za mbao, kama hizi hizi. Wao wamelipa asilimia tano. Tano! Dereva wao akanipungia mkono, eti kwaheri."

Watu wa Jogoo walikuwa watu wa nchi ya tatu, mbali kidogo. Brashi zao zilikuwa na picha ya jogoo, kwa hiyo mtaani nchi yao yote ilibatizwa jina hilo.

"Mnunuzi amesemaje?" aliuliza Mama Matundu.

"Amesema anatupa mpaka mwisho wa mwezi. Tukipata njia ya kupunguza huo ushuru, atachukua. Tusipopata, atanunua za Jogoo."

Wasaidizi waliacha kukata. Walijua hesabu hiyo. Katika kila brashi kumi za karakana ile, tisa zilikwenda kwa mnunuzi huyo. Akiondoka yeye, na wao wanakunja mkeka.

Baada ya muda mfupi watu walijaa mlangoni.

"Tumewakosea nini hao majirani wa ng'ambo ya mpaka?" aliuliza fundi viatu. "Mvua ikiwaharibia daraja, nani anawapelekea chakula?"

"Tususie sabuni zao!" alisema kinyozi. "Kuanzia leo, sigusi!"

"Wewe sabuni unaigusa lini, hata uisusie?" mmoja alimjibu. Watu walicheka, lakini kicheko kilikauka upesi.

Mama Matundu hakucheka. Aliendelea kuvuta waya mpaka ukamkatikia mkononi.

"Tumewauzia tangu mwanangu wa kwanza yuko mgongoni," alisema. "Leo waliokuja juzi ndio ndugu, sisi ndio wa kutozwa. Tena kwa kazi ile ile, ya mikono ile ile!"

Jioni jirani yao alirudi kazini. Alikuwa wakala wa forodha. Kazi yake ilikuwa kuandaa karatasi za mizigo inayotoka na kuingia nchini. Mtaani walimwita Wakala tu. Alikuta mzozo bado unaendelea, akavua viatu, akakaa mkekani.

"Mwanangu, wewe unakula na hao watu wa karatasi," Mzee Randa alimwambia. "Tueleze. Huu ushuru analipa nani? Spika anasema tumetozwa sisi. Kinyozi anasema italipa serikali."

"Hatalipa hata mmoja kati ya hao, baba. Anayelipa pale mpakani ni mnunuzi wenu, kwa sababu ndiye anayeingiza mzigo nchini kwake." Wakala alichukua brashi ishirini, akazipanga sakafuni. Akasogeza moja pembeni. "Hii ndiyo asilimia tano. Mtu wa Jogoo akipeleka brashi ishirini, ushuru ni sawa na bei ya brashi moja." Akasogeza nyingine sita. "Na hii ndiyo thelathini na tano. Ninyi mkipeleka ishirini, ushuru ni sawa na bei ya brashi saba."

Wote walizitazama zile saba.

"Mnunuzi hawezi kuzibeba peke yake," Wakala aliendelea. "Atawabana ninyi mshushe bei. Au atampandishia bei mama anayesugua sakafu kule kwake. Au atawaacha."

"Lakini kwa nini wao tano?" Mama Matundu aliuliza. "Mbao zao zinatoka mbinguni?"

"Wamewajengea majirani barabara ya kwenda bandarini. Wakubwa wakakaa mezani, wakapatana. Brashi yako haikuwepo pale mezani, mama."

Spika alipiga goti lake. "Basi dawa ninayo! Mzigo tunauzungusha kwa watu wa Jogoo. Tunanunua karatasi zao, tunalipa tano. Nani atajua? Chapa yenyewe tunayo tayari!"

Alicheka peke yake.

"Chapa ipi?" aliuliza Wakala.

Aligeuza brashi moja. Jogoo alikuwa pale mgongoni, amechomwa vizuri, na chini yake jina la nchi ile. Akageuza ya pili. Akageuza ya tatu.

"Nani aliweka hii?"

Mzee Randa alianza kuokota maranda kwenye ndevu zake, moja moja.

"Ni mimi," alisema Mama Matundu. "Miaka kumi na miwili sasa. Tulipoanza, brashi zetu zilikaa sokoni zikiota vumbi. Watu walikuwa wanazishika, wanazigeuza, wanauliza jogoo yuko wapi. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea. Wiki ile ile zikaisha. Na mafundi wengine wa brashi wakaniiga."

Wakala hakumkemea. Alizirudisha brashi sakafuni, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Baba mdogo, la kwanza nikujibu wewe," alimwambia Spika. "Kutumia karatasi za nchi nyingine ni udanganyifu. Wakigundua, mzigo unataifishwa, na mnunuzi wenu anafungiwa biashara. La pili ni hili. Kati yetu na majirani kuna mkataba wa zamani, na bado upo. Bidhaa iliyotengenezwa hapa, kwa mbao na nyuzi za hapa, inalipa asilimia ishirini. Sharti ni moja. Iwe na cheti cha uasili wa bidhaa, yaani karatasi inayothibitisha kwamba imetengenezwa hapa. Zamani ushuru wa kila mtu ulikuwa mdogo, kwa hiyo hatukuhangaika na cheti."

"Kinatolewa wapi?"

"Chemba ya wafanyabiashara, mjini. Mnajaza fomu. Mnaonyesha risiti za mbao, nyuzi na waya. Halafu mkaguzi anakuja hapa kuona kazi inavyofanyika. Na mkaguzi, mama, lazima atageuza brashi."

Mama Matundu alizisogeza tena brashi za sakafuni. Aliacha nne pembeni. "Kwa hiyo tukinyooka kabisa, tukifanya kila wanachotaka, wao watalipa moja, na sisi nne?"

"Nne."

"Na hiyo unaiita njia?"

"Naiita njia iliyopo. Sikusema ni ya haki."

Kisha Wakala aliongeza, kwa sauti ya chini. "Kuna jambo lingine, na litakuuma. Miaka mitatu iliyopita watu wa wizara walipita sokoni. Walikuwa wanaorodhesha bidhaa zinazotengenezwa nchini, ili wazitetee kwenye mazungumzo na majirani. Viatu vimo kwenye orodha. Ndoo zimo. Brashi hazimo."

"Kwa nini?"

"Walizigeuza."

Mama Matundu alinyanyuka. Alikwenda mlangoni, akakitoa chuma cha chapa kwenye mkaa, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kilizomea, moshi ukamfunika uso.

"Mikono yangu mwenyewe," alisema. "Miaka kumi na miwili nawatangaza wao."

Kesho yake alikwenda kwa fundi wa kuchomelea. Safari hii alitaka chapa yenye picha ya keekee ndogo, na chini yake jina la mji wao. Fundi alimwuliza kama ana hakika watu watanunua brashi zenye chapa hiyo. Akamjibu kwamba hana hakika, atengeneze tu.

Brashi mia sita zilikuwa zimeshapigwa jogoo. Zote zilihitaji msasa. Walianza na mia mbili za mzigo wa kwanza. Hata Spika alisugua, akilalamika kwa sauti iliyofika barabarani. Mzee Randa alitafuta risiti za mbao. Nyingine alizikuta zimefungiwa misumari.

Wakala aliwasaidia kuandika barua kwa wizara. "Msiandike kwamba mmekasirika," aliwaonya. "Hilo wanalijua. Andikeni mko karakana ngapi, watu wangapi, brashi ngapi kwa mwezi, na mmepoteza nini. Kelele za mlangoni hazina faili la kuwekwa." Karakana kumi na moja zilitia saini. Mama Matundu alisema jambo moja liongezwe: kwamba brashi za sokoni zenye jogoo walizitengeneza wao wenyewe. Mafundi wengine waliona aibu. Yeye alisema aibu anayo tayari, haitaongezeka kwa kuandikwa.

Mkaguzi alikuja siku ya tano. Alishika nyuzi, akasoma risiti, akauliza waya unanunuliwa wapi. Kisha akageuza brashi. Akaipitishia kidole ile chapa ya keekee, akaandika.

Cheti kilitoka, na lori likavuka mpaka kabla mwezi haujaisha. Safari hii Spika alirudi na gari tupu.

"Wamepokea! Ishirini kamili, hawakuongeza hata chembe. Mnunuzi anabaki na sisi." Kisha akashusha sauti, kitu ambacho kilikuwa hakijawahi kuonekana. "Ila atakuwa anachukua nusu. Nusu nyingine ni ya Jogoo."

Nusu ilitosha kutofunga mlango. Haikutosha kwa wasaidizi watatu. Mdogo wao alikunja kanga yake, akaaga, na Mama Matundu alimsindikiza mpaka mwisho wa mtaa. Kutoka wizarani walipata nakala ya barua yao, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Mama Matundu aliitundika ukutani. Jibu lilikuwa bado.

Kinyozi alipita mlangoni. "Mama Matundu, umeridhika sasa?"

"Nimeridhika na nini? Nimelipia kosa langu. La kwao bado halijalipiwa." Alimnyooshea kipande cha msasa. "Ingia usugue, uache maswali."

Zilibaki brashi mia nne. Alisugua moja mpaka mwanga ukapungua dirishani. Kichwa cha jogoo kilikuwa kimekwisha, na mabawa, na jina la nchi yake. Miguu tu ilikuwa bado imesimama kwenye ubao. Alipuliza vumbi, akaiweka juu ya lundo, msasa juu yake, aanzie hapo kesho.