Vichupa Saba vya Sotoka

"Mzigo umetoka friza," simu ilisema. "Boksi jeupe. Kituo cha mizigo, lango la tatu."

"Nina dakika ngapi?"

"Kumi na moja."

Siafu alishadandia Yamaha yake. Idara ya upelelezi ilimpa jina hilo kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo, na aking'ata haachii. Alipenya kati ya malori mawili, akapanda ukingo wa barabara, akaporomoshewa matusi ya nguoni na dereva wa teksi, akatokea upande wa pili.

Dakika tisa zilikuwa zimepita.

Langoni, mwanamume mrefu mwenye suti ya kijivu alikuwa akimkabidhi karani boksi. Kibandiko kilisema ni chanjo ya kuku. Chini yake, kwa herufi nyekundu: USIGANDISHE.

Moshi mweupe ulivuja kwenye kifuniko.

Siafu alielekeza kipimajoto chake cha miale. Nyuzi sitini chini ya sifuri.

"Kuku wako wanasikia joto kweli, bosi."

Mwenye suti akachomoa bastola, Beretta. Alichelewa. Siafu alimpiga kiwiko cha koo, akamkunja mkono, akamfunga pingu. Karani alikuwa ameshajificha nyuma ya mizani, akimwita mama yake.

Ndani ya barafu kavu kulikuwa na vichupa vya kirusi cha sotoka.

Sotoka ilishawahi kufyeka ng'ombe wa nchi nzima mpaka watu wakafa njaa. Dunia ikapambana nayo, ikaitokomeza. Tangu hapo sheria ilikuwa haina kona: asiye na kibali lazima akabidhi kirusi hicho au akichome. Kuwa nacho tu ni jela. Na idara ilishanasa habari kwamba wakubwa wa huyu bwana walitaka kukiachia mazizini, kisha wauze chanjo kwa bei waitakayo.

Akavihesabu vichupa. Vilikuwa na namba moja hadi saba, lakini namba nne haikuwepo.

Namba ziliandikwa kwa penseli, kama wafanyavyo watu wa maabara wa zamani, kwa kuwa wino huchujuka kwenye barafu. Na mwandiko ule aliujua. Ndio uliokuwa ukimsahihishia hesabu za shule.

Redio ikakoroma. "Siafu, hali?"

"Mzigo mkononi. Mtu wao pia. Nahakiki idadi."

Hakusema zaidi. Akawaachia walinzi yule mtu, akafunga boksi nyuma ya pikipiki, akaenda kwa mwenye mwandiko ule.

Mjomba wake, daktari wa mifugo mstaafu aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, alikuwa jikoni akiosha vyombo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

Siafu alifungua friza. Chini kabisa, chini ya mifuko ya nyama, kulikuwa na kopo. Ndani yake, namba nne.

Sahani ilibaki mkononi mwa mzee, ikichuruzika maji.

"Mtu mmoja wa suti ya kijivu alikuja na barua yenye mihuri mitatu," alisema. "Akaniambia maabara yao ina kibali. Nikafurahi, nikampa sita. Nikajua vimepata kwao."

"Kwa nini hukuvikabidhi serikali ilipotangaza?"

"Miaka tisa nililala mazizini kutafuta mbegu ile ya kirusi! Chanjo yetu ilitoka humo. Ugonjwa ukirudi, mtaitengeneza kwa kutumia nini?"

"Wenye kibali wanayo, mjomba."

Mzee akainamisha kichwa.

"Na hiki ulikibakiza cha nini?"

"Nilishindwa tu. Nilitaka kibaki kimoja."

Siafu alimkasirikia, akamwonea huruma, vyote kwa pamoja. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kifo hiki kingeanzia kwenye mazizi ya watu wasio na habari.

Simu ikaita. Ni Mkuu wake.

"Idadi?"

Mjomba alimsogelea, akanong'ona, "Sema vyote saba vilikuwa kwenye boksi. Nani atajua?"

Macho yalimuuma Siafu. Akampa mjomba mgongo.

"Saba, Mkuu. Sita kwenye boksi. Kimoja kwenye friza ya mjomba wangu. Tuma gari."

"Una hakika, Siafu?"

"Nina hakika."

Mzee alikausha sahani ile taratibu, akaiweka kabatini. Hakumlaumu. Ndicho kilichomuumiza Siafu zaidi.

Gari lilipofika, Siafu alizamisha kichupa kwenye barafu pamoja na vile sita, akafunga kifuniko, akavaa kofia ngumu.

"Chukua sweta, mjomba," alisema. "Mahabusu kuna baridi."

Kisha akatoka, akapiga moto pikipiki, akaelekea kwenye tanuri la idara.