Cheni Mpya, Gia ya Zamani

Nilikuwa nimeipindua baiskeli, magurudumu juu, napitisha cheni mpya kwenye gia ya nyuma, sauti iliposema kutoka mlangoni:

"Bado unaongea na vyuma, Fundi?"

Sikuinua macho haraka. Baiskeli ile niliiunda mwenyewe miaka kumi na mmoja iliyopita, kwa vipande vya baiskeli tatu, nikampa binti aliyekuwa anasomea unesi. Sasa ni nesi wa wodi ya watoto. Asubuhi ile dada yake ndiye aliyeileta. Kwamba angekuja mwenyewe, sikutegemea.

"Vyuma havinijibu vibaya," nikasema. "Karibu, Nesi."

"Asante. Mashindano ni kesho. Itakuwa tayari?"

"Dada yako kanieleza, nikadhani ananitania. Kuogelea, baiskeli, halafu mbio? Wewe uliyekuwa unaogopa beseni?"

"Nimejifunza miezi minne, bwawani, pamoja na watoto wa darasa la pili. Wananipita, halafu wakifika ng'ambo wananipigia makofi."

Alicheka, na kicheko kilikuwa kile kile, kinachoanzia puani. Zamani alikuwa anakaa kwenye benchi langu na daftari, anakariri mifupa ya mwili, mimi nikikaza spoki. Nilishika majina ya mifupa ya mkono yote. Mpaka leo ninayo.

Kisha akaacha kucheka.

"Nikuulize kitu kimoja. Siku ile kwenye ofisi ya ndoa nilikaa na mama na dada mpaka karani akafunga dirisha. Ulikuwa wapi?"

Nilizungusha pedali. Cheni ikapita, ikaruka jino moja.

"Gurudumu limepinda kidogo," nikasema.

Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa asiyetaka kusema panapouma.

"Haya, Fundi. Dada atakuja kuichukua."

Gia ya nyuma ilikuwa imelika, meno yamechongoka. Mpya ilikuwa inaning'inia ukutani. Kila fundi anajua cheni mpya haikai kwenye meno ya zamani. Lakini kwenye baiskeli nzima, gia ile ndiyo niliyomnunulia ikiwa mpya. Mengine yote niliokota. Nilishika spana, nikairudisha. Nikaiacha gia mahali pake.

Jioni simu ikatoa mlio wa ujumbe. Dada mtu:

"Shemeji mstaafu, kesho saa moja asubuhi, ziwani. Njoo. Na usiseme nimekwambia."

*

Walipotoka majini, Nesi alikuwa miongoni mwa wa mwisho, anahema, kofia ya kuogelea imemfunika jicho moja. Alikimbilia baiskeli ya kwanza aliyoiona.

"Siyo hiyo!" dada mtu alipiga kelele kando yangu. "Hiyo ya mwenzio! Yako ile mbovu!"

"Si mbovu," nikasema.

"Shemeji mstaafu, nyamaza."

Njia ilipanda kilima mbele yetu. Nesi alifika, akasimama juu ya pedali ili apate nguvu. Cheni ikaruka, tak, tak, kisha ikachomoka. Akashuka, akapiga magoti barabarani.

Miguu yangu ilishavuka kamba ya watazamaji. Msimamizi, mama mmoja mwenye filimbi, akanyoosha mkono.

"Baba, hapo hapo! Ukiigusa baiskeli, namfuta. Hapa hakuna kusaidiwa."

"Ni fundi wake!" dada mtu akasema.

"Hata angekuwa mumewe."

"Ilibaki kidogo tu awe!"

Nikaificha mikono nyuma ya mgongo. Sijawahi kuiona mizito namna ile.

"Mama, kusema naruhusiwa?"

"Mdomo wako sina shida nao. Mikono."

Nesi alikuwa ameshika cheni, grisi imempanda mpaka kwenye kiwiko.

"Ina nini, Fundi?"

Ningeweza kusema ni barabara.

"Gia imekwisha. Jana niliiona, nikaiacha. Ndiyo niliyokununulia wewe, nikashindwa kuitoa."

Wanawake wawili walimpita. Hakuwatazama.

"Na siku ile," nikasema, "nilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilikuona dirishani. Nilikuwa na suti ya kuazima, na grisi haikutoka kwenye kucha. Niliwaona ninyi mlivyopendeza, nikaona nitakuaibisha. Nikarudi nyumbani."

"Unaniambia leo? Kwenye kilima?"

"Nimechelewa. Najua."

Aliingiza cheni kwenye meno, akazungusha pedali kwa mkono, taratibu, kama nilivyomfundisha. Ikashika.

"Nifanyeje sasa?"

"Usisimame juu ya pedali tena. Kaa, kanyaga polepole. Penye mlima shuka, isukume."

"Nisubiri kwenye utepe wa mwisho. Na ukitoroka tena, nitakufuata na hii hii."

Akaisukuma. Msimamizi alipuliza filimbi bila sababu, akageukia upande mwingine akijifuta macho.

*

Alimaliza wa tatu kutoka mwisho, kwenye mbio akitembea zaidi ya kukimbia. Dada mtu alilia kama aliyeshinda ni yeye. Nesi alikuja moja kwa moja kwangu, akanionyesha vidole vyake, vyeusi kwa grisi.

"Kwa hiyo ni hii? Kwa ajili ya hii nilikaa pale mpaka karani akafunga?"

"Ni hii."

"Mjinga wewe." Alisema polepole, bila hasira. "Sijakusamehe yote."

"Sijaomba yote."

"Basi anza kuomba."

*

Alasiri ile tulilitoa gurudumu la nyuma. Alikaa kwenye benchi, soksi mkononi, anakanda magoti yake. Gia ilikuwa imeshikana na kutu. Nilijaribu kuifungua, alijaribu yeye, tukavuta spana wote wawili. Haikutikisika.

"Tuitie mafuta, ilale," nikasema. "Kesho tutaendelea."

"Kesho naingia zamu mchana. Asubuhi nitakuja." Akaangalia baiskeli isiyo na gurudumu. "Na leo nitarudije nyumbani?"

"Nitakusindikiza."

"Mpaka kona, kama zamani?"

"Mpaka ndani. Nimsalimie mama."

Aliacha kukanda goti.

"Mama amekuwekea maneno ya miaka kumi na mmoja, Fundi. Hajasahau hata moja."

"Nitakaa niyasikilize."

Alivaa soksi, akaegemea bega langu kusimama. Nilifunga mlango, gurudumu likabaki mezani linachuruzika mafuta, tukaanza kutembea, yeye akichechemea, mimi nikipunguza hatua.