Mtambo Ulioshindwa Kumsoma Bi Mize

Katika jiji la Minara hapakuwa na harusi bila mnenaji. Mtambo huo, wenye kimo cha mtungi, ulichota maneno ya marehemu kutoka Hazina ya Wasia na kuyasema kwa sauti ya marehemu mwenyewe, bibi harusi akanasihiwa na mtu aliyezikwa kabla yeye hajazaliwa. Bila wasia, bibi harusi hatoki ndani. Ndiyo ada.

Siku ya Nasriya, mnenaji uliitwa utoe wasia wa Bi Mize, mama wa bibi yake. Sauti tamu ya kizee ikatoka, ikabwabwaja: "Ghrr... paa... mraba... mraba..." Wengine wakacheka. Nasriya akajifunika ushungi, akalia.

Mhandisi Mkuu Khelef, aliyesimamia Hazina, alisogea na msafishaji mkononi, kifaa cha kufutia maandishi mabovu. "Marehemu hakujua kuandika," alisema. "Kila kisichosomeka nitakigeuza alama ya kuuliza, nihifadhi upya, tukale biriani."

"Huugusi!" Aliyesema ni Zuwena, shangazi yake Nasriya, mhandisi wa Hazina hiyohiyo.

"Zuwena, unanijibu mbele za watu?"

"Mbele za watu ndiko ulikomtukana Bi Mize!"

Alikuwa amewaka, na hakujali nani anaona. "Kompyuta haijui herufi, bwana. Inajua namba tu. Bi Mize aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama wanawake wote wa kwao, na kompyuta yake ilikuwa na jedwali: namba hii, herufi hii. Mtambo wako unazisoma namba zake kwa jedwali jingine, na isiyomo humo unaiita mraba. Namba zi nzima. Aliyekosea ni msomaji!"

"Majedwali ya kale yalikwisha kufutwa."

"Basi tutalitunga upya hapahapa. Kina mama, wasia wa kwetu huanzaje?"

Ukumbi ukajibu kwa kinywa kimoja: "Bismillahi!" Kisha sifa za Mtume, kisha dua ya kumwombea mwana, beti ambazo hakuna mwanamke wa ukoo ule asiyezijua kwa moyo. Wao wakisoma, Zuwena akioanisha herufi zao na namba za wasia: namba ya kwanza ni be, ya pili sini, ya tatu mimu. Beti zilipokwisha, jedwali lilikuwa limejaa. Herufi mbili tatu zilizobaki walizikisia kwa maana, wakibishana kama wako sokoni.

Zuwena akaupa mnenaji jedwali lile, nao ukafunguka tena. "Mwanangu, nisogelee," alisema Bi Mize, "nikupe nilichonacho." Nasriya akasogea. Vigelegele vikapasua dari.

Khelef hakupiga makofi. Alimsogelea Zuwena, akasema polepole, "Wasia wa mama yangu pia ulitoka miraba. Niliusafisha kwa mkono wangu. Unarudi?"

Hasira ya Zuwena ilishuka, ila hakumdanganya. "Ungeuacha na miraba yake, ungerudi. Miraba huonekana kwa macho ya mtambo tu, namba ziko chini yake. Ulipohifadhi, kila herufi ikawa namba moja, ile ya alama ya kuuliza. Hapana cha kurudisha."

"Na wangapi wengine?"

"Wote uliowasafisha."

Akampokonya Khelef kile kifaa, naye hakung'ang'ania. "Kesho nifukuze kazi," alisema Zuwena, "lakini kitu hiki hakirudi Hazina." Akakitupa sakafuni, akakikanyaga kwa kisigino cha kiatu chake cha harusi. Kikapasuka.

"Kanyaga tena," alisema Khelef.