Mkwaruzo Kwenye Kasha

Dada mkubwa alikuwa na miaka kumi na tisa kazini. Mdogo wake alikuwa na miaka miwili tu, na tayari bosi alimwita Mkono wa Dhahabu. Jamani! Miaka kumi na tisa, na dada hakuwahi kuitwa hata Mkono wa Bati.

Karakana yao ilitengeneza makasha mazito ya chuma. Makasha hayo hujazwa taka zenye mionzi, kisha huzikwa ndani ya mwamba, chini sana ya ardhi. Kabla kasha halijaondoka, fundi hupapasa kasha la mwenzake kwa kiganja, juu hadi chini, akitafuta dosari. Halafu husaini kadi kwamba ni zima.

Siku hiyo dada alipapasa kasha la mdogo wake. Karibu na kitako, kidole kikakwama. Mkwaruzo! Mnyororo wa winchi ya kunyanyulia ulikuwa umekiuma chuma.

Alifurahi. Ndiyo, alifurahi, wivu hauna haya.

"Acha waugundue hukohuko mbele," akajisemea. "Aumbuke kidogo."

Akasaini.

Jioni jirani yao alipita kunywa chai. Alifanya kazi kule makasha yanakojazwa.

"Hivi mwanangu," mama yao alimuuliza, "hizo taka hazitatutokea siku moja?"

"Zina vizuizi, mama. Kwanza kasha. Kisha udongo wa mfinyanzi unaolizunguka. Ukilowa huvimba, ukazuia maji. Kisha mwamba wenyewe. Kimoja kikilegea, vingine vipo. Lakini hatuziki kitu kibovu makusudi. Kutu hupenda kuanzia penye mkwaruzo."

"Si mtauona huko kwenu?" dada aliuliza, akijifanya hamnazo.

"Tuna kamera, lakini inaweza kupitwa. Na kasha likishajazwa, halisogelewi na mtu. Mionzi ni mikali, mitambo tu ndiyo hulishika. Kwa hiyo tunawategemea nyinyi. Hilo kasha lenu la kesho linaondoka saa mbili asubuhi."

Chai ikamshinda dada.

Asubuhi alimshika mdogo wake mkono hadi kwa bosi.

"Kasha lake lina mkwaruzo. Niliuona jana, nikasaini. Nilimwonea wivu."

Bosi alisimamisha lori. Kasha likashushwa, mkwaruzo ukasawazishwa, unene wa chuma ukapimwa upya. Mnyororo wa winchi ukavalishwa mpira, na tangu hapo kila kadi ikasainiwa na watu wawili. Dada alizuiwa kusaini kwa miezi mitatu.

Mdogo wake hakumsemesha siku nne. Siku ya tano akaja mezani kwake.

"Dada, njoo unipapasie kasha langu."

"Mimi? Sina ruhusa ya kusaini."

"Watasaini wengine. Nataka wewe ulipapase."

Dada alilipapasa polepole, juu hadi chini, akarudia kwenye kitako. Halikuwa na hata alama. Wivu ukamchoma tena palepale.

"Safi," alisema. Neno lilimtoka kwa shida, lakini lilimtoka.