Manukato ya Bibi Hoa

Enzi zile za vijiji vya ujamaa, gulio la Korogwe lilikuwa na msukumano wa ajabu. Zamda, muuza vitambaa wa duka la ushirika, nywele kasuka twende kilioni, alisukumwa akaangukia kifua cha kijana mwenye suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni. Kabla hajaiona sura alinusa shati: mdalasini, tangawizi, na kitu kitamu asichokijua.

"Samahani, dada."

"Samahani gani, na raizoni yako iko juu ya mguu wangu!"

"Basi nielekeze kwenu nije nikuuguze."

Alikuwa Mdoe, bwana shamba wa Kwamsisi, aliyerudi majuzi kutoka Vietnam alikokwenda kusomea kilimo cha mpunga. Ah, mapenzi yale! Kila Jumamosi Mdoe alipiga simu kutoka posta ya Handeni, Zamda akapokea kwenye posta ya Korogwe huku karani akijifanya hasikii.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje na sijakusikia?"

Haukupita muda mshenga akaja, na shangazi Tatu, aliyemlea Zamda, akaipokea posa. Lakini Mdoe alipokuja kusalimia, shangazi alingoja aondoke.

"Mwanangu, huna pua? Shati lile limefukizwa. Mwanamume gani anajifukizia nguo? Hiyo ni kazi ya mke. Huyo ana mtu."

Jumamosi, simu ilipoita, Zamda hakungoja hata salamu.

"Nani anakufukizia mashati?"

Mdoe alicheka. "Hiyo siri, mpenzi. Utaijua."

"Baki nayo!" Akaibamiza simu. Shangazi akairudisha posa.

Ila wivu haukumpa raha. Zamda alipanda basi, akamalizia kwa miguu mpaka Kwamsisi, amwone mwanamke huyo kwa macho yake. Uani alimkuta Mdoe peke yake, kajifunga msuli, macho mekundu kwa moshi, sufuria inatokota. Mashati yake yalikuwa yameanikwa juu ya jiko, ndani ya mvuke.

"Yuko wapi mkeo?"

"Mke? Ninayo sufuria tu, Zamda!"

Zamda hakucheka. Mdoe akaketi chini.

"Kule Vietnam nilikaa kwa Bibi Hoa, kikongwe ambaye mwanawe hakurudi kutoka vitani. Alfajiri alichemsha supu ya mifupa: mdalasini, tangawizi ya kuchoma, na kiungo kimoja chenye umbo la nyota. Jioni wajukuu zake waliosha nywele kwa maji ya mchaichai na maganda ya balungi. Nyumba nzima ilinukia, nami nikasahau kwamba niko mbali na mama yangu. Nikasema, nitakayemuoa nitampikia manukato ya nyumba ile. Naharibu kila siku, ndiyo maana nilificha."

Alimdondoshea mkononi tone la manukato kutoka sufuriani. Zamda alinusa, machozi yakamtoka.

"Bibi yuko hai?"

"Sijui. Namkumbuka kila nikiwasha moto."

"Posa si ulirudishiwa jana?"

"Nilirudishiwa."

"Na bado unachemsha?"

"Nilianza kwa ajili yako. Hata ungeolewa na mwingine, chupa ya manukato haya ningekuletea."

Zamda alishindwa kumtazama. Alikuwa karibu kumpoteza mtu wa namna hii kwa sababu ya shati!

"Mtume tena mshenga," alisema. "Shangazi nitamweleza mwenyewe leo hii. Akikataa, Mdoe, nitarudi hapa na sanduku langu."