Mtu Mzima wa Pili

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga gizani, tik, tik, tik, kama mgeni mwenye haya anayebisha hodi. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na alfajiri ilikuwa bado haijafumbua jicho. Mama Kitone alipapasa jiko, akalizima, akasikiliza.

"Mama, kumekucha?" Sauti ilitoka kitandani.

"Bado. Lala."

"Nimeshalala sana. Usingizi umekwisha."

Mama Kitone alicheka peke yake. Jina la Kitone lilitokana na kuzaliwa mdogo mno, kama tone la maji kwenye jani, wala hakuna aliyedhani angefika wiki. Sasa alikuwa na miaka mitano na mdomo usiopumzika, na alikuwa ameahidiwa mlima.

Kwa miaka mitatu Mama Kitone alipiga pasi mashuka ya hoteli iliyo chini ya mlima huo. Aliwajua wageni kwa taulo zao. Waliotoka mapangoni waliacha tope, waliotoka kwa farasi waliacha manyoya. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga hata jiwe moja la huko juu. Mchana alikuwa kwenye pasi, jioni kwenye darasa la watu wazima, na Jumapili alifua za kwake. Lakini ahadi ni deni, hasa kwa mtoto asiyesahau.

Langoni watu walikuwa wamejaa kama utitiri. Familia zilikuwa na vikapu, watoto wakilia, wapiga picha wakiita, mabasi yakirudi nyuma kwa kupiga honi. Juu ya dirisha la karani palikuwa na ubao mkubwa wa rangi ya kijani: SHUGHULI ZA FAMILIA, MWAKA MZIMA. Kiangazi, daraja la kamba. Masika, mapango. Kipupwe, chemchemi za maji moto. Vuli, farasi.

Mama Kitone alikuwa amevaa gauni la buluu lenye vifungo vyeupe, lililopigwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata kitunguu.

"Daraja," alimwambia karani. "Mimi na mwanangu."

"Ana miaka mingapi?"

"Mitano."

Karani alitikisa kichwa. "Chini ya sita havuki na mtu mmoja, dada. Mtu mzima wa kwanza anatangulia, wa pili anafuata, mtoto anakaa kati. Fomu ndivyo inavyotaka. Wa pili yuko wapi?"

"Tuko wawili tu."

"Basi mrudi akitimiza sita. Anayefuata!"

Mdomo wa chini wa Kitone ulianza kutetemeka. Hapo ndipo sauti ya kiume ilipotokea nyuma yao.

"Wa pili ni mimi."

Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye shati jeupe la kazi na kofia ya dereva aliyoishika mkononi kama mtu anayeingia kwenye nyumba ya watu.

"Wewe ndiye baba yake?" karani aliuliza.

"Fomu inauliza baba au inauliza mtu mzima?"

Karani aliitazama fomu. "Mtu mzima."

"Basi andika. Ila huo utu uzima usiuchunguze sana."

Foleni nzima ikacheka. Karani akaandika, huku akisoma kwa sauti: wa kwanza, huyu mama, wa kati, huyu mtoto, wa pili, huyu bwana. Kitone alisikiliza kwa makini, kama mtu anayekabidhiwa cheo.

Katikati ya daraja, mto ukinguruma chini yao, Mama Kitone aligeuka nyuma.

"Kaka, mbona umefumba macho?"

"Sijafumba. Nimeyapumzisha."

"Unaogopa?"

"Dada, miaka sita naleta wageni kwenye lango hili, wao wanapanda, mimi nabaki kwenye basi. Unadhani napenda basi?"

"Sasa umekuja kufanya nini huku?"

"Hata mimi najiuliza. Bado sana?"

"Shika gauni langu," Kitone alimwambia. "Mimi siogopi."

Walifika ng'ambo mwanamume akiwa ameshika pindo la gauni la mtoto wa miaka mitano. Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Wa Pili.

*

Simu zilianza wiki ileile.

"Hujambo, Mama Pasi."

"Sijambo, Mzee wa Kupumzisha Macho. Uko wapi?"

"Njiani. Nimebeba wazungumzaji arobaini, hakuna hata mmoja mwenye sauti kama yako."

"Maneno hayo uliwaambia wangapi?"

"Wewe ni wa kwanza, mpenzi. Wengine wote walikata simu kabla sijafika hapo."

Masika waliingia mapangoni, Kitone akapiga kelele mpaka popo wakahama. Kipupwe walikwenda kwenye chemchemi. Wa Pili alikunja suruali, Mama Kitone akaiona miguu yake iliyopinda kama ndizi, akacheka hadi akashika ubavu.

"Miguu hiyo inakanyagaje breki?"

"Inakanyaga kwa imani. Njoo hapa, kipenzi, nikuambie neno." Mvuke ulikuwa umewazunguka, na Kitone alikuwa akihesabu mapovu. "Wamebaki farasi tu. Vuli tukipanda farasi, ubao ule tumeumaliza. Siku hiyohiyo namleta mama yangu aje akuone."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia, mama, yule wa pili wa kwenye fomu amechoka fomu. Anataka kuwa mume."

Mama Kitone alijimwagia maji usoni, ili yale mengine yasionekane.

Kulikuwa na mwiba mmoja tu. Kazini alikuwapo Bi Foronya, fundi wa foronya na wa maneno, ambaye siku moja uani, Wa Pili akiwa palepale, alisema, "Wa pili, sawa, tumemwona. Na wa kwanza je, akikumbuka njia?" Alimaanisha baba yake Kitone, aliyeondoka mtoto akiwa hajaota jino. Wote walicheka. Kicheko cha Wa Pili ndicho kilichowahi kukauka.

"Akirudi je?" alimwuliza Mama Kitone jioni hiyo.

"Harudi."

"Nimeuliza akirudi."

"Maji yakimwagika hayazoleki, mpenzi. Unataka nikuandikie?"

Mwiba ukiingia chini ya ukucha hauonekani, lakini mwenye kidole anaujua.

Vuli ilipoingia, Wa Pili alitumwa kupeleka wageni safari ya wiki mbili. Nyuma yake Mama Kitone akashikwa na homa kali, siku tatu hajui mchana wala usiku, Bi Foronya akija na bakuli la uji na kuondoka. Alipopata nguvu ya kuinua simu, alipiga. Namba unayopiga haipatikani. Akapiga kesho yake. Akapiga wiki nzima.

Juma walilopanga la farasi lilifika, likapita. Mwisho wa mwezi dereva mwingine alikuja kazini kwake na koti la mvua ambalo Mama Kitone alilisahau kwenye basi la Wa Pili. Lilikuwa limekunjwa vizuri mno, kama kitu cha marehemu.

"Kasema nini?"

"Kasema nikupe."

"Basi?"

"Basi."

Alielewa hivi: ahadi ni nyepesi ikiwa mbali, na ya huyu bwana ilipokaribia ilimwelemea. Hakuwa mwanamke wa kumkimbiza mtu barabarani. Alifuta namba ile, ingawa kidole kilikuwa kimeikariri. Mitihani ya darasa la jioni akaishinda, akahamishwa kutoka kwenye pasi akawekwa dirishani, kuandika nguo zinazoingia, za wageni na za watu wa nje. Watu walimpongeza. Alirudi nyumbani akapika, wakala, wakalala, na hilo ndilo lililokuwa jambo lote.

*

Utaratibu wa dirishani ni mmoja: nguo ikiletwa, mwandishi anapekua mifuko mbele ya mteja na kutaja kwa sauti kila anachokiona, ili kesho pasiwe na mzozo. Jumatano moja, mvua ikinyesha, suti nyeusi ilisukumwa mbele yake. Hakuinua kichwa.

"Suti moja, nyeusi. Bega la kushoto, doa la poda." Poda ya usoni, ya mtu aliyelaza kichwa hapo. "Mfuko wa juu, ua moja limenyauka. Mfuko wa ndani, hamna kitu. Jina la mteja?"

"Mama Kitone."

Kalamu ilisimama. Aliinua macho polepole, kama mtu anayefungua barua ambayo ameshajua habari yake.

"Umekonda," Wa Pili alisema. "Sikujua kama umehamia dirishani. Ningejua..."

"Ungepeleka kwingine. Ni suti ya harusi?"

"Ndiyo."

"Harusi ya nani?"

"Yangu."

"Lini?"

"Jumamosi iliyopita."

"Hongera."

"Usinipe hongera kwa sauti hiyo."

"Sina nyingine hapa kazini."

Nyuma yake mashine kubwa ilizunguka, ikamwaga maji, ikazunguka tena. Wa Pili aliipindapinda kofia yake.

"Na mwenzio, hajambo?"

"Mwenzangu nani?"

"Wa kwanza."

"Wa kwanza yupi?"

"Tusifanyane watoto," alisema. "Nilipiga simu kutoka safarini. Nilikuwa nimeshamwambia mama yangu, ameshashona hadi gauni la kuja kukuona. Akapokea Kitone. Nikamwuliza, mama yuko wapi? Akaninong'oneza, 'Wa Kwanza amelala. Amelala kwenye kitanda cha mama, nimekatazwa nisimwamshe.' Nikamwuliza, nani? Akasema, 'Wa Kwanza.' Mara mbili nilimwuliza. Mara mbili."

Mama Kitone alishika ukingo wa meza. Aliona, moja baada ya jingine, mambo aliyokuwa akiyaona kila siku: Kitone akivuka barabara kwa amri, "Wa Kwanza tangulia!" Kitone akipanga vijiko vitatu mkekani, wa kwanza, wa kati, wa pili. Kitone peke yake chumbani na mama anayeungua kwa homa, ameambiwa anyamaze, naye amenyamaza vizuri.

"Wa Kwanza ni mimi," alisema.

"Nini?"

"Kwenye fomu. Mtu mzima wa kwanza ni nani? Karani alisoma mbele yako. Wa kwanza, huyu mama. Nilikuwa na homa siku zile. Nililala kwenye kitanda changu, peke yangu, na mtoto wangu akawa ananilinda."

Wa Pili alifumba macho. Safari hii hakuyapumzisha.

"Mbona hukuniuliza?" Mama Kitone aliuliza.

"Niliona aibu. Niliona umenifanya mtu wa kujazia fomu."

"Nilikupigia wiki nzima."

"Nilitupa laini."

"Ulitupa laini."

"Mama yangu akasema, mwanangu, nitakutafutia mwingine kabla hujakauka. Nikamwambia, tafuta. Sikujali ni nani." Akafumbua macho. "Siku nne, Mama Kitone. Siku nne tu. Bado naweza..."

"Huwezi."

"Hujasikia ninachotaka kusema."

"Nimesikia. Na huyo binti wa watu amekukosea nini?"

Aliinyoosha kofia. "Hajakosa kitu. Ni mtu mwema."

"Basi yamekwisha."

"Na wewe?"

"Mimi niko kazini."

Mlango ulisukumwa. Aliingia mwanamke mwenye gauni la manjano, mwavuli mkono mmoja, na mkono wa pili umemshika Kitone aliyelowa, begi la shule kichwani. Pete kidoleni ilikuwa mpya hata hakuwa ameizoea. Aliizungusha kwa kidole gumba huku akicheka.

"Samahani dada, huyu mdada ni wako? Nimemwona kutoka kwenye gari, anaruka madimbwi yote ya uwanja, hajaacha hata moja. Nikasema atapata homa bure." Akamgeukia mumewe. "Mbona umekawia? Mnajuana?"

Wa Pili alifungua mdomo. Akaishika kofia kwa mikono miwili. Mama Kitone aliangalia mkono ule uliomshika mwanawe, jinsi ulivyomfuta maji usoni bila kuombwa, akajua kwamba asiposema yeye sasa, mwanamke huyu naye atakwenda nyumbani na mwiba chini ya ukucha.

"Sana," alisema. "Huyu ni kaka yangu. Karibu, wifi."

Neno lilikwenda likakaa mahali pake. Kaka. Halikuwa na mlango wa kurudia. Wa Pili aliinamisha kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu na kuikuta ya haki.

"Wifi!" Mwanamke alipiga makofi. "Jamani wanaume! Nimeulizia ndugu zake wote, hakunitajia wifi mzuri hivi! Mbona harusini hukuja?"

"Nilichelewa kupata habari."

"Basi utakuja nyumbani. Usinikatalie, wifi."

"Nitakuja siku moja." Mama Kitone alivuta daftari, akaandika kwa ule mwandiko wake wa darasa la jioni, kila herufi wima. "Suti itakuwa tayari Ijumaa. Doa litatoka."

"Litatoka lote?" Wa Pili aliuliza.

"Lote."

Alichana kipande cha karatasi akampa, na vidole vyao havikugusana. Ndipo alipoona kwamba Kitone ameacha kutikisa begi. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, maji yakimtiririka, anamtazama yule mwanamume. Alimtazama usoni, akatazama kofia, akatazama mkono wa mwenye gauni la manjano, uliokuwa umeingia chini ya kwapa lake. Mdomo ule usiopumzika ulifunguka kidogo. Mama Kitone hakupumua. Wa Pili naye hakupumua.

Kitone aliufumba mdomo, akazunguka meza taratibu, akaparamia kikapu cha mashuka, akaketi, akainua mguu mmoja kuelekea kwa mama yake.

"Mama," alisema, "viatu vinanibana."